Hajambo, Ila

Edina Mlowe alikuwa amebakiza wiki sita kustaafu, na hakuwa na haraka nazo. Aliipenda kazi yake kwenye kituo cha watoto wachanga, na aliipenda zaidi asubuhi za Julai kama hii, ukungu umekalia vilima vya Kipengere kama mgeni asiyejua kuaga, chai ya tangawizi mkononi, sweta mbili mwilini, na chumba cha Sikio kimeshapata joto. Waliomwona akipita koridoni akijiimbia chini chini walidhani kapata habari njema. Hakuwa na habari yoyote. Alikuwa mtu wa kuridhika tu, na wala hakuona haya kuonekana hivyo.

Sikio lilikuwa kitanda kidogo chenye kingo za juu na godoro laini ndani. Mtoto mchanga akilazwa humo hachomwi sindano wala haingizwi kwenye bomba. Sikio husikiliza. Kuna watoto huzaliwa na hitilafu katikati ya ubongo: mishipa inayoleta damu kutoka moyoni, badala ya kugawanyika kuwa vijishipa vyembamba vya kuituliza kasi, huimwaga yote moja kwa moja kwenye mshipa mkubwa wa kuirudisha. Mshipa huo huvimba, na watu wa kituo waliuita fundo. Damu ikipita kwenye fundo hunguruma. Moyo nao hukazana kusukuma damu isiyofika inakotakiwa, mpaka unachoka ungali mdogo kama limau. Sikio liliusikia mngurumo ule, likasikiliza moyo, mapafu, ini na figo, kisha likatoa alama.

Alama zote zilikuwa ishirini na tano. Aliyepata zaidi ya kumi na mbili alikuwa daraja la kwanza: arudi nyumbani, anyonye, akue, aletwe akiwa na miezi mitano, mishipa yake ikiwa imenenepa kidogo. Kuanzia nane hadi kumi na mbili, daraja la pili: atibiwe sasa hivi. Chini ya nane, ubongo ulikuwa umeshaharibika, na hao Edina aliwapeleka mwenyewe kwenye chumba cha upande wa bustani wakae na mama zao. Mwanadamu hakuruhusiwa kuzigusa alama hizo. Zamani ziliguswa, na kwa miujiza ya kujuana, mtoto wa mkubwa hakukosa kuwa daraja la pili. Ndipo sheria ikaja.

Alama ishirini na moja zilitoka kwenye mwili wa mtoto. Nne zilizobaki zilikuwa neno la mama, na hizo ndizo zilizokuwa kazi ya Edina. Miaka kumi na moja iliyopita, wahandisi walipoleta Sikio, walikuja na swali lenye suti na tai: "Tafadhali eleza hali ya sasa ya mtoto." Akina mama wakabung'aa. Edina akasimama kikaoni akasema hapana, mwulizeni mama kama mtu anavyoulizwa. Mtoto hajambo? Basi. Wakampigia makofi, swali likarekodiwa kwa sauti yake, na hadi leo kila mama aliyeingia chumbani mle, na katika Masikio mengine kumi na moja nchini, alijuliwa hali na Edina wa miaka ile, sauti bado haijaingia mikwaruzo. Ungemwuliza amefanya nini hapa duniani, angeanza na hilo kabla ya kukumbuka kwamba amezaa watoto wanne.

Mama wa kwanza siku hiyo alikuwa Tusekile Mwakibete, binti wa Tukuyu, aliyeshuka kutoka gari la waya, lile linaloning'inia na kupandisha watu mlimani, saa moja na nusu na kuletwa moja kwa moja kwenye chumba cha kupimia. Mtoto wake, Lusajo, alikuwa na siku kumi na tisa. Kwa kawaida mama huingia peke yake, asije mtu akamlisha maneno. Lakini Tusekile mikono ilikuwa imekufa ganzi kwa baridi, na fundo la mbeleko halikufunguka.

"Naomba unisaidie, mama," alisema. "Nitamwangusha."

Edina akaingia, akamfungulia, akampokea mbeleko na blanketi, akabaki amesimama nazo nyuma ya mlango kama msumari wa kutundikia nguo. Lusajo akalazwa. Sikio likakaa kimya dakika nne, likisikiliza. Kisha Edina akasikia sauti yake mwenyewe, changamfu, ya mtu asiye na deni na ulimwengu.

"Mtoto hajambo?"

Tusekile akainamisha kichwa, akapiga goti dogo, kama ilivyompasa mbele ya mtu mzima. "Hajambo," akaitikia.

Taa ya kijani ikawaka, ishara kwamba jibu limepokelewa.

"Ila tangu juzi hanyonyi," Tusekile akaendelea. "Anashika ziwa, anachoka. Kichwa kinatoka jasho mpaka kofia inalowa. Na jana nilipokuwa namwogesha midomo ilibadilika rangi, ikawa kama ya mtu aliyekula zambarau."

"Asante," ilisema sauti ya Edina. "Alama kumi na nne. Daraja la kwanza. Karibu tena baada ya miezi mitano."

"Ahsante," Tusekile akaliambia Sikio kwa heshima zote, akaanza kumvisha mtoto kofia.

Edina alitaka kucheka. Ilikuwa kichekesho kweli, binti mzima kupigia goti kitanda. Hakucheka, maana alikuwa ameiona ile taa. Ilikuwa imewaka kabla ya "ila".

"Mwanangu," akasema taratibu, "mtoto anaumwa?"

"Anaumwa sana, mama."

"Mbona umesema hajambo?"

Tusekile akamtazama kwa mshangao wa mtu aliyeulizwa kwa nini anavua viatu mlangoni. "Si nimesalimiwa, mama? Ningeanzaje kusema shida zangu kabla sijaitikia?"

Edina mwenyewe angefanya vile vile. Amefanya hivyo maisha yake yote. Mwaka ule mumewe alipokuwa kitandani hajiwezi, watu walimuuliza habari za nyumbani, na kila siku alijibu nzuri, ila mzee hali si hali. Hakuna aliyemwona mwongo. Kila mtu alijua kwamba nzuri ni ya kufungulia mlango, na habari yenyewe huja nyuma yake. Kila mtu isipokuwa Sikio, ambalo wahandisi walilifundisha kuchukua neno la kwanza na kujiziba, lisije likachanganywa na vilio vya watoto.

"Usiondoke," akamwambia Tusekile. "Kaa hapo nje kwenye kiti chenye blanketi. Nakuja sasa hivi."

*

Daktari Ngailo alikuwa ofisini kwake akimenya kiazi cha kuchemsha. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na minne, fundi kwelikweli wa mishipa midogo, na Edina alimpenda kwa kuwa hakujifanya anajua asichokijua. Akamsikiliza mpaka mwisho, kiazi kikapoa mkononi.

"Mwili wa mtoto una ngapi?"

"Kumi."

"Kumi, na nne za hajambo." Akakiweka kiazi. "Angekuwa na kumi tu. Daraja la pili hilo, mama Mlowe. Huyo hafiki miezi mitano. Wiki mbili hafiki."

"Najua."

"Na nyuzi tulizo nazo ni za mtoto mmoja."

Hilo pia alilijua. Nyuzi za kuziba fundo zilikuwa hai. Zilikuzwa katika sinia ya maji ya uvuguvugu kwa siku tisa, nyembamba kuliko unywele, na siku ya tisa zikikomaa zilipaswa kuingia mwilini au kumwagwa. Sinia ya leo ilikuwa ya Ezra, mtoto wa Kilasi wa Wanging'ombe, mwenye alama kumi na moja, aliyekuwa wodini tangu Jumatatu ya wiki iliyopita. Kanuni ilikuwa wazi: wawili wakigombea sinia moja, mwenye alama chache ndiye wa kwanza. Lakini ile ile kanuni ilisema neno la mama hutolewa mara moja, haliulizwi tena, ili wazazi wasije wakapigania alama kama bei ya maharage.

Ngailo akasimama akaufunga mlango. "Kuna njia fupi," akasema. "Huyo binti aende akanywe chai. Saa nne tumwingize upya kwa jina la bibi yake. Mwambie akiulizwa ajibu anaumwa, neno moja. Sikio halina macho. Mtoto anapata nyuzi, na wewe unapata sherehe yako. Tumeshachangia mbuzi."

Edina akakaa. Tusiseme uongo, njia ile aliitamani. Ile nyingine iliitwa Tamko la Kasoro, na aliyeruhusiwa kulitia sahihi kwa kasoro ya swali ni mwenye swali. Akilitia sahihi, Masikio yote kumi na mawili yanazimwa saa hiyo hiyo. Alama za miaka kumi na moja zinafunguliwa upya, na juu ya kila jalada linaandikwa jina lake. Alikuwa anaingia kwenye ustaafu kama mtu anayeingia kwenye maji ya moto baada ya kazi ya siku nzima. Sasa angeingia na mafaili.

Na kulikuwa na wale watatu. Hakuwasahau. Watoto watatu wa daraja la kwanza ambao kwa miaka hiyo yote miezi mitano ilifika na wao hawakuletwa. Aliwapelekea mama zao salamu za rambirambi. Kama walikuwa na ila zao, hakuna aliyejua, kwani Sikio halikuhifadhi kilichosemwa baada ya taa kuwaka.

"Huyu mmoja tunamwokoa," Ngailo alikuwa akisema kwa upole. "Swali unalirekebisha kimya kimya wiki hii, unaandika kwamba ni uboreshaji. Nani ataumia?"

Edina alikuwa karibu kukubali. Mdomo ulishaanza kufunguka. Ndipo, kupitia ukuta mwembamba, akaisikia sauti yake ikitoka chumba cha kupimia. Mama wa pili alikuwa ameshaingia.

"Mtoto hajambo?"

"Hajambo," ikajibu sauti ya mwanamke, na maneno mengine ya chini yakafuata, marefu, yasiyosikika vizuri.

Ngailo naye aliyasikia. Akaangalia chini.

"Huyo nani atamwokoa?" Edina akauliza. "Na wa Tanga? Na wa Kigoma? Wote ni mimi nawauliza saa hizi." Akavuta kompyuta ya mezani upande wake. "Nionyeshe pa kutia sahihi, baba. Na mbuzi msimchinje kwanza."

Sahihi yenyewe ilikuwa kidole gumba kwenye kioo. Haikuchukua muda. Chumba cha kupimia kikawa kimya katikati ya maneno "karibu tena", na Edina, aliyedhani angelia, akajikuta ana njaa. Akala kile kiazi.

*

Kabla ya kitu kingine alikwenda wodini kwa Kilasi. Hakutaka kumtuma mtu. Kilasi alikuwa fundi wa mitambo ya upepo, mtu mrefu mwenye mikono mipana, na alikuwa amempakata Ezra akimwimbia wimbo wa mpira, kwa vile nyimbo za watoto hakuzijua. Edina akamweleza yote amesimama: swali, kosa, mtoto mwingine mwenye alama kumi, sinia ya leo.

"Ezra atasubiri siku tisa," akasema. "Atabaki hapa hapa, kwenye dawa ya moyo, chini ya macho yetu. Moyo wake unaweza kuzisubiri. Wa mwenzake hauwezi. Kosa ni langu, baba Ezra. Nimekuja kukuomba radhi."

Kilasi alimvuta Ezra kifuani. "Sawa, mama," akasema. "Hamna shida."

Edina akamshika mkono kwa mikono yote miwili, akashukuru, akaondoka mbio mbio, maana saa zilikuwa zinakwenda na sinia haisubiri.

Masikio yakiwa yamezimwa, daraja lilipaswa kupangwa kwa mkono, na katika kituo kizima aliyewahi kuifanya kazi hiyo alikuwa yeye tu. Mama wa pili akaombwa asubiri zamu yake. Akatoa kipimo cha zamani cha kusikilizia kutoka kabatini, akakifuta, akakipasha joto kwapani, akamwekea Lusajo juu ya utosi. Ngurumo ilikuwa pale, laini, kama mashine ya kusaga ya kijiji cha mbali. Akahesabu pumzi. Akapapasa ini, likiwa limeshuka vidole vitatu chini ya mbavu. Akabonyeza kidole cha mguu akaangalia damu inavyochelewa kurudi. Kisha akavuta kiti, akamgeukia Tusekile.

"Habari za mtoto?"

"Nzuri, mama."

Edina akanyamaza. Kalamu akaiacha mezani. Tusekile akatulia kidogo kuona kama kweli anasubiriwa, halafu akasema kila kitu, hata ambalo Sikio halingelipata kamwe: kwamba tangu jana Lusajo hamfuati kwa macho akihama upande wa kitanda. Ngailo aliposikia hilo alianza kunawa mikono bila kuambiwa.

Nyuzi ziliingia kupitia mshipa wa paja saa sita kasoro. Kwenye kioo zilionekana zikipanda ndani ya mshipa, kundi jembamba la rangi ya fedha, zikapita tumboni, zikapita kando ya moyo, zikafika shingoni. Ngailo hakuzisukuma. Aliziongoza kwa joto tu, akipasha hapa, akipoza pale, na zenyewe zilitafuta mahali penye mkondo mkali zaidi, kwa maana ndivyo zilivyokuzwa, kupenda mkondo. Zilipofika kwenye fundo zikaanza kujisokota. Hazikuliziba lote. Fundo likizibwa lote kwa mara moja, ubongo uliozoea mafuriko hupasuka. Ziliziba theluthi, zikaacha, zikalala hapo, nyingine zingeletwa baadaye. Edina alikuwa na kile kipimo cha zamani masikioni muda wote, na alisikia ngurumo ikishuka, ikashuka tena, mpaka ikabaki mnong'ono.

Saa tisa Lusajo alinyonya. Alinyonya dakika saba mfululizo, ngumi imekunjwa, kofia kavu. Tusekile aliangua kicheko chenye machozi, na Edina akacheka naye, furaha imemjaa kifua hadi akalegeza sweta ya juu. Alijua simu za makao makuu zinamsubiri. Alijua majalada yanafunguliwa. Furaha haikuondoka kwa sababu hiyo, na hakuifukuza.

*

Saa kumi alipita wodini. Ezra alikuwa amelala, mashavu yana rangi, mapigo ya moyo kwenye kioo yanakwenda kwa mpango. Kilasi alikuwa kwenye benchi, viganja juu ya magoti.

"Habari za tangu asubuhi, baba Ezra?"

"Nzuri, mama."

"Haya, vizuri," Edina akasema, na mguu wake wa kulia ulikuwa umeshageukia mlangoni. Akauona. Akaurudisha, akavuta kigoda, akaketi mbele ya yule mwanaume, asiseme neno.

Ukimya ule ulimsumbua Kilasi. Akaangalia dirisha. Akaangalia sakafu.

"Ila nimekasirika," akasema mwishowe.

"Nakusikia."

"Asubuhi nilikuambia sawa. Haikuwa sawa. Mke wangu yuko chumba cha kufulia tangu saa tatu, anafua nguo zilizo safi. Mtoto alikuwa ameshasafishwa paja. Uliniambia umesimama, mama Mlowe. Ukanishika mkono ukaondoka."

"Ni kweli. Nisamehe."

"Huyo mtoto mwingine, kapona?"

"Ananyonya."

Kilasi akaitikia kwa kichwa, na kidogo uso ukalegea. "Hilo nimefurahi. Kweli nimefurahi." Akajifuta pua kwa kiganja. "Ila kuna jingine. Lile swali lako sisi tulilijua."

"Mlilijua vipi?"

"Kwamba halisikii. Mke wangu aliambiwa siku ya kwanza kule jikoni kwa wasindikizaji. Ukiulizwa na ile sauti, usiitikie salamu, anza na ugonjwa. Wanaambiana hivyo kila msimu. Anayelala hapa kabla ya kupimwa anaambiwa. Anayetoka kwenye gari la waya moja kwa moja, kama huyo binti wako, hana wa kumwambia."

"Miaka yote," Edina akasema. "Na hakuna hata mmoja aliyeniambia."

Kilasi alikuwa mtu wa adabu, na jambo lile lilikuwa zito kwa mama wa umri wake.

"Ulikuwa unapita kila asubuhi kutuuliza, mama. Habari za huduma? Tunajibu nzuri." Akashusha sauti. "Kabla hatujafika kwenye ila, umeshafika kitanda cha pili."

Nje mtu alikuwa akiita jina lake, ana simu ya makao makuu. Edina akampungia mkono angoje. Ilimuuma, tena sana, na hakujaribu kuificha. Machozi yalimtoka akayaacha yatoke. Kisha akakivuta kigoda karibu zaidi na benchi.

"Habari za huduma, baba Ezra?"

"Nzuri," alijibu Kilasi.

Edina akasubiri.